Kiatu cha Jeanne

Omer Numbi alirudi Kolwezi juu ya magunia ya muhogo, ndani ya lori la Asani, koo limejaa vumbi na moyo umejaa woga. Woga wenyewe haukuwa wa njia, ingawa njia ya kutoka Kisenge ina mashimo ya kumeza ng'ombe na pembe zake. Alikuwa anaogopa kwamba sauti yake haitakiwi tena.

Mnielewe vizuri. Omer hakuwa mwimbaji. Waimbaji ni watu wengine, wale wa kunywa tangawizi na kujifunga skafu hata jua likichoma. Omer alikuwa atalaku. Wimbo ukifika katikati na magitaa yakaanza kuchanganya, yeye ndiye hukamata mikro na kupiga makelele, akaita watu kwa majina, akawaambia wageuke, wainame, watikise, mpaka yule aliyekuja kunywa bia moja aende zake anajikuta amevua koti. Ukimwambia mtu wa mbali kwamba kuna binadamu analisha watoto kwa kupiga makelele, atakucheka. Mwache acheke, hajafika Kolwezi.

Bendi yao iliitwa Orkestra Mukuba Moto. Ilikuwa imenyamaza tangu mwenye baa waliyokuwa wanapigia alipofariki na warithi wake wakauza kiwanja. Vyombo vikawekwa kwenye depo ya Asani, mfanyabiashara wa kusafirisha mizigo, mtu wa mashariki, Mwislamu asiyekunywa hata tone lakini anayependa gitaa kuliko walevi wote. Wanabendi wote wakatoka Kolwezi. Lucien, mpiga solo na kiongozi wa bendi, akaenda Likasi kupigia kwaya ya kanisa. Omer akaenda Kisenge kulinda marundo ya madini ya manganizi, na huko hakuwa na mtu wa kumpigia kelele isipokuwa mbwa. Mkewe Tania alibaki Kolwezi na watoto, na kila akipiga simu alikuwa anauliza swali lilelile: unarudi lini?

Basi alirudi, kwa sababu Lucien alituma habari kwamba bendi inaamka. Lakini alipofika, hata maji ya kunawa hajapewa, Lucien akamkalisha na kumweleza kwamba kule kwenye kwaya amejifunza jambo. Watu siku hizi wanataka kusikia maneno ya wimbo. Makelele ni mambo ya zamani. Bendi inaweza kuwa na waimbaji, mpiga besi na ngoma, ikatosha. Alisema yote hayo kwa upole wa kanisani, na upole ule ulimuuma Omer kuliko matusi. Omer akajitetea, akabembeleza, akakumbusha mambo ya zamani mpaka akaona aibu mwenyewe. Mwishowe Lucien akakata maneno.

“Siku ya yenga moja tu, Omer. Ukichezesha batu, utabaki. Bakibakia mu biti, mi nitapigaka bila atalaku.”

Siku ya yenga ni Jumapili, na Jumapili yenyewe ilikuwa imeshapangwa: alasiri, kwenye nganda, yaani baa, ya Mama Mushiya, kule mtaa wa Musonoi, karibu na mashimo ya wachimbaji. Kwa hiyo hesabu ya Omer ilikuwa nyepesi kuelewa na nzito kubeba. Watu wakicheza, analala nyumbani kwake. Wakikaa, anarudi kwa mbwa wa Kisenge.

Wakaanza mazoezi ndani ya depo, milango imefungwa ili watu wasichoke na nyimbo kabla ya siku yake. Hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda upande, ila Omer hakuona. Walikuwa na wimbo mmoja uliowapa jina, “Kiatu cha Jeanne.” Ni wimbo wa upuuzi mtupu, msitafute hekima ndani yake: Jeanne amecheza mpaka kiatu kimoja kimepotea, sasa ukumbi mzima unaulizana kiko wapi. Siku ya kwanza walipoupiga kule depo, mpakuzi mmoja wa Asani, mtu mzima mwenye mabega mapana, aliteremsha gunia lake, akachuchumaa, akaweka kiganja kwenye sementi. Alikaa hivyo mpaka wimbo ukaisha. Kisha akainuka, akabeba gunia, akaendelea na kazi. Omer akasema moyoni, masikini, mgongo unamuuma.

Siku nyingine Latifa, mke wa Asani, aliwaletea chai na maandazi. Alipokuwa anakusanya vikombe alisimama mbele ya Omer, akamuuliza kwa sauti ya chini, “Tata Omer, na ile ya Jeanne mutaiimba kweli?” Omer akamjibu kwa majivuno kwamba wataiimba, tena ndiyo watakayopiga ukumbi ukishachemka. Latifa akamtazama kidogo, akasema Mungu awasaidie, akaondoka na vikombe vyake. Omer alimshukuru sana kwa baraka hiyo.

Hata Mama Mushiya mwenyewe, walipokwenda kuona mahali pa kuweka spika, hakuficha kitu. Alisema watu watakuja kwa ajili ya wimbo ule mmoja, na kwamba Musonoi yote inaungojea. Alisema bila kucheka. Omer alishangaa kidogo kuona mwenye baa anatangaza furaha na uso wa msibani, lakini akaona ni uchovu wa biashara. Kuuliza si ujinga, wahenga walishasema, ila jamani, nani aulize? Wenyeji, hata Tania, walidhani wanabendi wanajua. Wanabendi walidhani wanapendwa.

Jumapili ikafika. Omer alivaa shati la maua ambalo Tania alilipiga pasi mara ya pili kwa wasiwasi, akapanda taksi-moto, pikipiki ya kukodi, mpaka Musonoi. Nganda ilikuwa imejaa kabla hata ngoma haijafungwa kamba. Wachimbaji wa mkono walikuwepo, wale vijana wa kila pembe ya Kongo, wameoga lakini udongo bado uko kwenye kucha. Wauza nguo walikuwepo, waendesha pikipiki walikuwepo. Omer aliwaona akataka kuwabusu wote.

Lakini mstari wa mbele ulimchanganya. Palikuwa na akina mama watupu, wamevaa kikwembe, yaani kitenge, cha aina moja, wamekaa wima na soda mikononi. Hao si wateja wa nganda. Katikati yao alikaa mwanamke mmoja mnene, amekunja miguu kwenye kigoda kifupi, viatu amevivua na kuvipanga kando. Omer akamuuliza Mama Mushiya kama kuna harusi. Akajibiwa kwamba yule ni Mama Mbombo, anauza samaki wa ziwa la Nzilo, na kwamba tangu azaliwe hajawahi kuingia kwenye nganda. Omer akaona sifa hiyo ni yake. Tazama, hata watu wa maombi wamekuja kumwona.

Wakaanza. Nyimbo za mwanzo zilikwenda vizuri, mimi nisiwadanganye. Koo la Omer lilifunguka, akawarushia watu majina yao, akamrushia Asani aliyekuwa amesimama nje ya ukuta na chupa ya maji, akawarushia waendesha pikipiki, na vijana wakacheza mpaka vumbi likapanda. Lucien hakumtazama, maana Lucien akipiga hamtazami mtu wala hamngojei mtu. Ukichelewa kuingia, wimbo unakupita na hilo ni shauri lako. Lakini Omer aliona kichwa chake kinatikisika, na alifurahi, alifurahi kama mtoto. Tayari alikuwa anapanga atakavyomwambia Tania.

Kitu kimoja tu kilimkera. Kila wimbo ukiisha, mtu alikuwa anasogea jukwaani na kuuliza, ile ya Jeanne ni saa ngapi? Na aliyeuliza hakuwa anacheka. Alikuwa anauliza vile mtu anavyouliza saa ya mazishi.

Ukumbi ulipochemka kabisa, Omer akamkonyeza Lucien. Akasogea mbele, akavuta pumzi, akafungua wimbo kwa kelele mpya aliyoitengeneza Kisenge, akiijaribu kwa mbwa: “Musonoi! Mukuba Moto imerudi! Nani alisema tulikufa? Jeanne, kiatu iko wapi?” Gitaa la Lucien likaingia, zile noti zake zinazoruka kama mafuta ya moto.

Ukumbi mzima ukashuka chini.

Hawakuketi, walichuchumaa wote kwa pamoja, wachimbaji, waendesha pikipiki, Mama Mushiya na trei yake, akina mama wa kikwembe kimoja. Kila mmoja aliweka kiganja cha mkono wa kulia kwenye udongo. Wengine waliinamisha sikio. Hakuna aliyecheka. Hata wale waliokuwa nje ya ukuta walishuka, maana Omer aliona vichwa vyao vinapotea kimoja baada ya kingine. Asani peke yake alibaki anaonekana, naye alikuwa amefungua viganja vyake mbele ya kifua, anasoma dua.

Omer akapigwa na bumbuwazi. Katika kazi yake yote alishawahi kuona watu wakikimbia, wakipigana, wakilala, lakini hili hakuwa nalo kwenye akiba. Akafikiri ni mgomo. Akafikiri ni mchezo wa kumtia aibu, uliopangwa na wanaotaka nganda ile iwe ya muziki wa kompyuta. Halafu, kwa kuwa alikuwa atalaku na atalaku hawezi kuacha mikro ikae kimya, likamjia wazo ambalo lingemjia atalaku yeyote wa nchi hii: ni dansi mpya! Vijana hutunga dansi kila wiki, na kazi ya atalaku ni kuikamata, kuipa jina na kuirudisha kwa makelele kabla haijapoa. Wimbo ni wa kiatu kilichopotea. Watu wako chini, wanapapasa udongo. Wanatafuta kiatu, jamani! Ilikuwa wazi kama mchana.

Basi akajitosa. “Tafuta! Tafuta kiatu! Chini, chini! Papasa chini! Iko wapi? Iko chini! Sikiliza, kiatu inalia! Chimba, chimba!”

Na aliichezea hiyo kelele. Aliruka, akachuchumaa, akapapasa jukwaa, akaweka sikio kwenye mbao na kukodoa macho kama mtu anayesikia kiatu kinaongea. Mungu wangu. Hata mimi ninayesimulia natamani kupita haraka mahali hapa.

Mwanamke mmoja wa mstari wa mbele alianza kulia kwa sauti. Mzee mmoja akainuka, akatema mate kando, akatoka. Mpiga ngoma aliacha, kisha besi ikaacha, na Lucien naye aliacha katikati ya noti, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Omer alisikia sauti yake mwenyewe peke yake kwenye spika ikisema chimba, chimba, ndipo akanyamaza. Kijana mmoja mchimbaji, mwembamba, mwenye kovu refu shingoni, alipanda jukwaani. Omer alimkumbuka sura, aliitwa Glodi, mteja wa zamani. Glodi hakumpiga. Alimshika mkono taratibu na kuichukua mikro.

“Yaya Omer,” alisema, vile mtu anavyomwita kaka mkubwa, “nyamaza. Tafazali.”

Wakatoka nyuma ya nganda, palipopangwa kreti za chupa tupu. Lucien alikuwa amekasirika bila kujua amkasirikie nani. Alimuuliza Omer amekunywa nini. Alimwambia kwamba hiyo ndiyo sababu alitaka kuachana na makelele, kwamba mtu hawezi kurudi baada ya kimya chote hicho akaanza kutukana watu. Omer akauliza, nimewatukana nini? Lucien hakujua. Wote wawili hawakujua kitu, na bado mmoja alikuwa ameshamfukuza mwenzake kazi. Alimwambia asirudi jukwaani. Omer akakaa juu ya kreti, shati la maua limemganda mgongoni, akaona njia yote ya Kisenge na mashimo yake. Alijionea huruma sana, na hasira pia, kwa sababu mtu akihukumiwa apewe kwanza jina la kosa.

Mama Mushiya ndiye aliyekuja kuwaeleza. Mwanzo alikuja na hasira, lakini alipoona macho yao akasita, akauliza kama kweli hawajui. Wakaapa kwamba hawajui. Akajishika kiuno, akatazama juu, akaanza.

Alisema mwaka wa jana, majira ya mvua, shimo moja liliporomoka mapema asubuhi, shimo walilochimba vijana wenyewe nyuma ya nyumba. Habari hiyo Omer aliisikia hata huko Kisenge, lakini mashimo huporomoka, na mtu wa mbali husikitika akaendelea na siku yake. Kilichofuata ndicho hakukisikia. Timu ilikuwa imelala humo chini ili iendelee na kazi kukipambazuka. Watu walikusanyika juu ya udongo uliolainika, hawajui waanze kuchimba wapi, maana mdomo wa shimo haukuonekana tena. Ndipo wakasikia muziki. Ulikuwa unatoka chini. Kijana mmoja, Mechack, alikuwa ametega simu yake imwamshe, na simu iliamka kwa wakati wake. Mchimbaji mmoja mzee akaamuru kila mtu achuchumae, anyamaze, aweke mkono chini atambue sauti inatokea wapi. Simu ilikuwa inalia, inanyamaza, inalia tena, na kila ikilia wao walichimba kuifuata. Ndivyo walivyowafikia wawili wakiwa hai. Mmoja wao ni Glodi. Kabla ya adhuhuri simu ilikata moto, betri imekwisha. Mechack na wenzake wengine hawakutoka.

Na muziki uliokuwa unatoka chini ulikuwa “Kiatu cha Jeanne.” Tangu siku hiyo, Mama Mushiya alisema, wimbo huo hauchezwi Musonoi. Ukipigwa, watu wanashuka na kusikiliza, maana ndiyo heshima yake. Kwenye kila matanga wanauimba kwa midomo. Akina mama wale wa kikwembe kimoja ni mama za wale waliobaki chini.

Lucien aliweka gitaa lake ukutani kwa mikono miwili. Omer alikuwa anasikia kelele yake ikirudi, chimba, chimba, kiatu inalia, na aibu ikamfanya ajifunike uso kwa viganja. Wakati huohuo kulikuwa na kitu kingine ambacho hakuweza kukipa jina, kwa sababu wimbo wake wa kipuuzi ulikuwa umewatoa watu wawili ndani ya ardhi. Hakujua alie au ashukuru au akimbie.

Akasikia kreti inasogezwa. Mama Mbombo alikuwa amesimama pale, miguu mitupu, na Glodi nyuma yake. Omer akainuka, akainamisha kichwa, akaanza kuomba msamaha kwa maneno yaliyogongana, kwamba hakujua, mama, kwamba alidhani ni dansi. Mama Mbombo alimngojea amalize. Hakuonekana kukasirika. Alionekana kama mtu aliyekuja dukani akakuta kitu alichokifuata hakipo.

“Mi sikukuya kwa wimbo,” alisema. “Wimbo naujua. Nilikuya kwa sauti yako.”

Omer hakuelewa. Ikabidi Glodi aeleze. Simu ya Mechack haikuwa na wimbo ule wa studio ambao kila mtu anao. Jioni ya mwisho, kabla bendi haijanyamaza, Mechack alisinzia kwenye kiti kwa uchovu wa shimo, mdomo wazi, ukumbi wote unamcheka. Omer akamwona, akasimamisha wimbo na kumpigia kelele ya kumwamsha kwa jina lake na la mama yake. Glodi alichukua simu ya Mechack mwenyewe na kurekodi ili wamcheke kesho yake. Mechack aliipenda sana, akaifanya iwe ya kumwamsha kila asubuhi. Haikuwa kwenye simu nyingine yoyote. Kwa hiyo kilichosikika kwanza chini ya udongo, kabla ya gitaa, kilikuwa ni sauti ya Omer.

“Batu bote ba Musonoi balikusikia,” Mama Mbombo alisema. “Mi njo mama yake, na mi peke yangu njo sikusikia. Siku ile nilienda Nzilo kununua samaki. Nilifika, telefone ilikuwa imekufa. Bananiambia maneno, lakini maneno haiko sauti. Banasema na jina yangu ilikuwa ndani. Leo nimekuya nisikie, na we umeweka maneno ingine.” Akavuta pumzi. “Useme tena. Vile tu ilikuwaka.”

Sasa hapo ndipo palipokuwa na msiba wa pili, kwa sababu Omer hakukumbuka. Jamani, angekumbuka vipi? Alishawaamsha walevi na wachovu wasio na idadi, kila mmoja na kelele yake, na kelele za atalaku ni kama jasho, zikitoka zimekwenda. Alijaribu kuuona uso wa Mechack, hakuuona. Alikuwa anaombwa kitu cha thamani kuliko vyote alivyowahi kutoa mdomoni, na mdomo haukuwa nacho. Akamtazama Glodi. Akamwambia, kwa sauti ya mtu anayeomba maji, “Unifundishe.”

Glodi alimfundisha. Pale kwenye kreti, mchimbaji akamfundisha atalaku kelele yake mwenyewe. Alikuwa ameisikia gizani, udongo umembana kifuani, ikija na kupotea, na alikuwa nayo yote, mpaka mahali Omer alipokuwa amechukua pumzi. Omer alisema, Glodi akakataa, akamwonyesha kwamba neno la pili alilivuta na la mwisho alilikata. Omer akarudia. Lucien alisimama kando, akisikiliza jinsi alivyokuwa akisikiliza watu wa kwaya.

Wakarudi ndani. Watu walikuwa bado wapo, wamesimama vikundi vikundi, wananong'ona. Hakuna aliyejua kama bendi imefukuzwa au inaendelea. Mama Mbombo alitembea mpaka katikati ya uwanja wa kuchezea, akachuchumaa, akaweka kiganja chini, kisha akalala ubavu kabisa, kikwembe chake kwenye vumbi, sikio kwenye ardhi. Akina mama wenzake wakamzunguka na kushuka. Ukumbi wote ukashuka. Omer hakuchukua mikro. Naye alipiga magoti jukwaani, akainama mpaka mdomo ukakaribia mbao, kwa maana sauti ile ilikuwa imetoka chini, akaiita.

“Mechack! Mechack, mwana wa Mama Mbombo! Lamuka! Unalala namna gani na ngoma inalia? Lamuka, Mechack, mama anakuita!”

Gitaa la Lucien likaingia palepale, taratibu, bila spika.

Hakuna aliyetikisika mpaka wimbo ukaisha. Omer alibaki amepiga magoti, anaogopa kuinua macho, hajui kama amefanya vema au ameongeza kidonda. Alimsikia Mama Mbombo anajikusanya kutoka chini kwa kuguna kwa magoti. Alimsikia anakung'uta kikwembe chake.

“Kumbe ni vile,” alisema Mama Mbombo.

Alirudi kwenye kigoda chake, akavaa kiatu kimoja, akavaa cha pili. Machozi yalikuwa yanamtoka lakini uso ulikuwa umetulia. Kisha akamwambia Mama Mushiya kwamba watu wamelipa vinywaji, wachezeshwe, na kwamba mwanawe hakuwa mtu wa kukaa kimya Jumapili. Akakaa, akachukua soda yake.

Lakini nani aanze? Watu walitazamana. Wengine walikuwa wamesimama, wengine bado wako chini, mikono hawajui waiweke wapi. Lucien akawasha spika, akaanza wimbo mwingine, ule wa kwanza kabisa waliotunga. Utangulizi wake ni mfupi, mahali pa atalaku kuingia panafika upesi. Pakafika. Omer alikuwa ameshika mikro mkononi tu. Hakujua kelele gani inafaa baada ya ile. Akaona nafasi yake inapita, na akajua Lucien hangojei mtu.

Nafasi ilipita. Lucien akarudisha utangulizi mwanzo. Ukafika tena mahali pale, Omer bado anatafuta neno, na Lucien akaurudisha tena, na tena, macho yake kwa mara ya kwanza yamemtazama Omer usoni, vidole vikizunguka palepale bila haraka, vikimngojea.